Namuna Tulifungula Bloc na Moteur za Kufa

Badogo yangu ba atelier ya pompe, munanilomba kila siku niandike. Sawa, naandika. Lakini musingoje habari ya grade na mushahara. Grade nilipata kidogo, mushahara bibi yangu Nadine njo alikuwa anaujua kuliko mi. Niko na miaka makumi tatu na ine na banasema niko retraité. Ku guichet ya pension, mama mwenye kupokea madosye aliniangalia juu mupaka chini, alisema, "Mwana, ambia baba yako akuye yeye mwenyewe." Nilimujibu, "Mama, baba ni mi." Alicheka mupaka alivua lunettes. Mi sikucheka.

Nilifika ku mine nikiwa journalier, na kiburi mingi. Masomo sikukuwa nayo. Moteur nilijifunza mu Manika, quartier yetu ya Kolwezi, nyuma ya moulin ya kusaga ya jirani, kwa kubomoa na kurudisha, na kubomoa tena juu vis moja ilibakia pa mukono. Asubui ile chef aliuliza, "Nani anajua pompe?" Nilinyanyua mukono mbele ya yeye kumaliza. Sikukuwa najua pompe. Nilikuwa najua moulin, na niliona zote mbili zinazunguka.

Munajua ile kazi: mayi inaingia mu shimo ya mine kila saa, pompe inaitosha inje. Pompe ikisimama, mayi inapanda, na batu yote bako chini banaanza kuangalia juu. Balinipa pompe moja mupya. Niliiwasha bila kuijaza mayi kwanza. Ilipiga kelele sawa nguruwe, alafu ilitosha moshi. Muzee mumoja alikuya polepole, alizima, alifungula kifuniko, aliangalia ndani, aliniangalia mi.

"Wewe, ku kwenu banapika chai bila mayi?"

Njo vile nilijuana na Tata Kazadi. Baba yake na babu yangu balitoka Kasai wote wawili, na juu ya ile alinihesabu mutoto yake, ni kusema alikuwa na haki ya kunitukana mbele ya batu. Hakunifukuza. Aliniketisha pembeni ya pompe nzima na tournevis ndefu.

"Ncha utie pa roulement, pale chuma inazungukia. Mukono ya tournevis utie pa mufupa, nyuma ya sikio. Kisha unyamaze."

"Tata, kunyamaza mi siwezi."

"Njo maana nakupa kazi hii."

Badogo, leo muko na bifaa bya kupima, na byote biko bizuri. Lakini tournevis haiombe pile. Roulement yenye ilikauka inalia sawa mutu anatafuna muchanga. Waya yenye inataka kuungua inaimba chini chini, sawa mama anabembeleza mutoto na eko na kasirani. Pompe ikikamata hewa, unasikia mawe mu boîte. Pangusa ncha kwanza, mafuta inadanganya. Na usisikilize pompe moja peke yake: sikiliza na ya pembeni yake, yenye iko muzima, juu ujue muzima inasema namuna gani. Ile Tata Kazadi alinifunza mu mwaka moja. Mi nilijigamba nayo miaka kumi na ine. Baingénieur benye madiplome balikuwa banatuma gari kunitafuta ku nyumba, "Mwite ule wa tournevis." Nilikuwa nakuya na kusikiliza, nasema, "Roulement ya nyuma, siku mbili," na siku mbili inavunjika. Kama haikuvunjika, sikukuwa nazungumuza habari yake.

Sasa nafika ku pompe ya ine.

Pompe ya ine ilianza kupiga filimbi. Nyembamba, ya juu, haikatike. Nilifungula, nilibadilisha roulement, nilifunga. Filimbi. Nilifungula tena, nilibadilisha zote mbili. Filimbi. Mara ya tatu nilienda ku magasin ya bifaa na roulement mu mukono na nilimwambia magasinier, mutu mupole, baba ya batoto sita, aseme banamuuzishia roulement za uongo na yeye anafunga macho. Alisema pole, "Kaka, ingine hazilie. Ni ya wewe tu inalia." Nilitupa roulement pa meza yake, kioo ilipasuka. Shimo ilikuwa inapanda mayi, pompe muzima ilikuwa imelala mu vipande kwa sababu ya mi, na mi nilikuwa natafuta mutu wa kupiga.

Saa ya kula, Tata Kazadi aliniita mu atelier. Batu yote balikuwa inje. Alifunga mulango.

"Ikala. Funga macho."

Nilifunga. Nilisikia mukono ya tournevis pa mufupa, nyuma ya sikio yangu ya kuume.

"Unasikia filimbi?"

"Nasikia. Ni ile ile. Roulement ya mbele, tata, niliambia batu ile tangu juma ingine."

"Fungula macho."

Nilifungula. Ncha ya tournevis ilikuwa juu ya kiatu yake.

"Kiatu yangu haina roulement," alisema.

Hakucheka. Alitosha saa yake ya mukono, aliiweka pa sikio yangu ya kushoto: nilisikia tik, tik. Aliipeleka pa sikio ya kuume. Nilimwambia saa imesimama. Alinionyesha: mushale ilikuwa inatembea. Mi nilisimama na nilimutukana, muzee ule, maneno yenye siandike hapa. Alingoja nimalize. "Pompe iko muzima," alisema. "Mugonjwa ni wewe. Kesho tunaenda ku munganga, mi na wewe. Ukikataa, nakufunga mu kamba." Alikuwa na kamba mu mufuko, niliiona.

Ku Lubumbashi balinilalisha mu machine ya scanner. Docteur alinionyesha picha: nyuma ya sikio, ndani ya kichwa, kivimbe sawa yai ya njiwa, iko inasukuma nerf ya kusikia na ingine ya kutembea. Nilifikiri namuna nilipasua kioo ya magasinier. Ule magasinier, niwaambie mara moja, njo alikuwa wa kwanza kutia mukono mu mufuko juu ya operation yangu. Ilunga, soudeur wetu, aliuzisha pikipiki yake na alitembea ku kazi na miguu mupaka mwaka iliisha. Atelier nzima ilichanga, hakuna mutu aliulizwa mara mbili. Njo maana mutu akisema mubaya juu ya atelier ile mbele yangu, anajua kwenye atanipata.

Balinipasua ngambo ya mupaka, siku nzima. Niliamuka na sikio ya kuume imekufa kabisa na sura imeanguka upande moja. Nadine alikuya, aliniangalia sana, mi nikangoja alie.

"Mudomo inaenda Dilolo," alisema, "jicho inabakia Kolwezi."

Nilicheka na upande yenye ilikuwa inafanya kazi. Kisha yeye njo alilia.

Ku nyumba sikuweza kutembea muzuri. Kila hatua dunia ilikuwa inainama. Tata Kazadi alileta tuyau moja ya pompe, ndefu, aliilalisha mu parcelle, alisema nitembee pembeni yake kila asubui bila kuikanyaga. Bamama ba jirani balikuwa banatosha viti na kuikala kuangalia. "Leo amelewa kidogo kuliko jana." "Hapana, angalia kona ile, atatuangukia mu sufuria ya sombe." Nilikuwa nabajibu, na nikibajibu nilikuwa naanguka. Miezi ine. Siku nilifika mwisho ya tuyau na kurudia bila kugusa, balipiga kigelegele, na moja wao alisema sasa batapata wapi kitu ya kuangalia.

Commission ya banganga ba kazi balisema: ku pompe, hapana tena. Kelele, ngazi, mayi, na mutu wa sikio moja. Nilipindua kiti. Nilisema maneno. Kiisha nilirudia kulomba pole, na karatasi ilibakia vile: mi retraité. Niliikala ku nyumba na mikono yangu mizima miwili. Badogo, kazi ngumu mu maisha yangu haikukuwa pompe ya ine. Ilikuwa ile kuikala.

Ku lopitalo ya quartier nilikuwa naenda kuchomwa sindano. Siku moja niliona mama mumoja mwenye tumbo banamupandisha mu camionnette, bidondo bya mayi ya dawa binaning'inia mu mukono ya infirmière, banamupeleka muji ingine juu ya kupasuliwa. Barabara ile munaijua. Na nyuma yao, mu couloir, mulango ya bloc ya operation ilikuwa imefungwa na meza imewekwa mbele. Docteur Mujinga, mwanamuke mufupi wa sauti ya chini, aliniona nasimama.

"Tata, unaangalia nini?"

"Mulango. Juu ya nini imefungwa?"

"Courant inakatika. Siwezi kufungula tumbo ya mutu na kungoja courant irudie."

"Na groupe ya kuzaa umeme?"

"Ilikufa mbele ya mi kufika hapa."

"Tengenezeni."

"Eh, tata. Banasema wewe njo wa kutengeneza. Nenda uangalie."

Nilienda. Ilikuwa imepasuka chuma yenyewe ya moteur, kuanzia juu mupaka chini. Ile haikukuwa ugonjwa, ilikuwa maiti. Nilirudia kumwambia, njo aliniambia habari ingine: alikuwa na barua mu tiroir. Kama bloc haifunguke mbele ya mvua kuisha, bakubwa ba lopitalo batamutuma fasi ingine, juu munganga wa kupasua bila bloc anakula mushahara ya bure. Ilikuwa imebakia miezi mitano. Alisema ile bila kulalamika. Hasira mi njo niliikamata.

Siku ya mungu, ku kanisa, saa ya matangazo, nilisimama. Nilisema tutanunua scanner ya lopitalo yetu, mutu asipite tena kilometre ile yote na kichwa yake mu mikono. Batu balipiga makofi. Choristes balianza wimbo. Siku ya kwanza ya juma Docteur Mujinga aliniita mu bureau.

"Tata Scanner, karibu. Scanner yako utaichomeka wapi?"

Niliangalia taa ya bureau yake. Ilikuwa imezimika.

"Leta kwanza groupe. Kichwa moja moja tutaendelea kutuma Lubumbashi. Lakini matumbo iko kila siku."

Jina ile, Tata Scanner, ilinibakia mupaka leo. Hata mwenye kuuzisha makala ananiita vile.

Kulomba franga batu mu Manika, wakati ile, haikukuwa kazi nyepesi. Batu balikuwa balichoka na macarnet ya muchango. Lakini mi najua nyumba za batu ba huku. Chini ya kitanda, nyuma ya mulango, mu nyumba ya kuku, kila famille iko na moteur ya kufa. Ya moulin, ya pompe ya kisima, ya ventilateur. Hakuna mwenye kuitupa, juu ndani mule iko mukuba, shaba ya waya, na sisi benyeji ba Kolwezi hatutupe mukuba. Hakuna mwenye kuitengeneza. Baba anakufa, mutoto anarithi moteur ya kufa. Njo nilisema: sitake franga yenu. Munipe maiti zenu. Mi nazifufua na waya mupya, tunauzisha ku benye moulin, groupe inatoka mule.

Ku soko ya Dilala mwanaume mumoja alisema kwa nguvu, "Ule, balimupasua kichwa, akili ya mukuba njo ilibakia ndani." Nilimukamata shati. Kumukamata niliweza, kusimama sikuweza. Nilianguka na yeye juu yangu. Alisimama, alinipangusa vumbi, aliniuliza kama nimeumia. Ni aibu kubwa kupanguswa na mutu wenye ulitaka kumupiga.

Tata Kazadi alisikia. Alikuya na kanuni: moteur yoyote inafunguliwa mbele ya mwenyewe. Mukuba ya kuungua inatoka mbele yake, inalala mu caisse yenye mulango ya grillage, barabarani, kila mutu aione. Na siku moteur inazunguka tena, mwenyewe anaitwa, yeye njo anabonyeza bouton. "Mutu anaweza kukatala kukusadiki wewe," alisema. "Bouton yenye yeye mwenyewe alibonyeza, ataisadiki." Siku tatu nyuma ya pale, mwanaume ule wa Dilala alileta moteur ya moulin ya marehemu baba yake, mu brouette. Siku aliibonyeza na ikazunguka, aliikala chini pa tofali. Kesho yake alileta bajirani bake wote.

Kazi ya bobinage, kuzungusha waya mupya, ni kuhesabu. Kila fasi iko na idadi yake ya mizunguko ya waya, ukikosa, moteur inakula courant na inaungua. Mbele nilikuwa nahesabu na nazungumuza. Nyuma ya operation, nikifika sitini kichwa inachoka na hesabu inapotea. Nadine aliweka kiti mbele yangu.

"Makumi tisa na moja. Makumi tisa na mbili."

"Nadine, ule muntu wa jana alisema..."

"Makumi tisa na tatu. Funga mudomo, ile inaenda Dilolo."

Njo vile tulifanya moteur zote. Yeye sauti, mi mikono. Mutu akiandika asema ni mi peke yangu njo nilizitengeneza, ni nusu ya kweli.

Siku za posho, siku ya sita ya juma, kazi ikipumzika, nyinyi wenyewe mulikuya, mulisaidia, munakumbuka. Bingine siandike juu munabijua. Lakini hii naandika: moteur yenye Mama Kapinga, mwenye moulin, alinunua kwetu. Nilikuwa na haraka, niliichomeka kwake na sikuijaribu. Saa moja nyuma ya pale, alikuya mu barabara na bunga mu nywele, mu nyusi, mu masikio.

"Tata Scanner, moulin yako inatapika."

"Namuna gani?"

"Inazunguka kinyumenyume. Muhindi inarudia juu. Ilinitapikia mi na ba-cliente batatu, na moja ni bibi ya pasteur."

Ni waya mbili tu za kubadilisha fasi, kazi ya dakika tatu. Badogo, jaribu kila moteur mbele itoke pa meza, hata kama haraka ni ya Mungu. Nilibadilisha, ilizunguka muzuri, na Mama Kapinga aliuzisha habari ile mu soko yote bora kuliko radio: wa kichwa ya kupasuliwa anakosa, lakini anakuya siku ile ile. Nyuma ya pale moteur zilianza kutoka mbali. Bacommerçant balileta ingine mu camion kutoka Dilolo, chini ya magunia ya samaki. Moja ilitoka Kisenge, nzito sana, banaume ine kuishusha, na barua imefungwa juu: "Hii ni ya babu. Ikizunguka, mutuimbie kwa telephone." Ilizunguka. Tulibaimbia, ao tulibasikilizisha, telephone juu ya moteur, na ngambo ile tulisikia batu banapiga makofi.

Mwezi ya ine tulinunua groupe. Ilikuwa ya mukono ya pili, lakini Tata Kazadi aliikala nayo siku mbili mbele ya kukubali. Ilunga alisoudea kiti yake na paa juu, bure, na alikatala kulomba hata soda. Bakubwa balipanga sherehe siku ya posho: viti, micro, ruban nyekundu mbele ya mulango ya bloc. Batu ba discours tayari balikuwa banabishana nani ataanza.

Siku ya ine ya juma, mbele ya sherehe, mangaribi haijafika, mvua ilianguka kubwa na courant ilikatika. Nilikuwa pale kukaza boulon ya mwisho. Camionnette iliingia mu lango, na mama mumoja ndani, mutoto amelala vibaya mu tumbo, damu. Bwana yake alikuwa anasukuma maneno, "Mutupeleke wapi? Mutupeleke wapi?" sawa mutu alizoea kusikia jina ya muji ingine.

Docteur Mujinga alitoka, aliangalia mama, aliangalia mvua, aliniangalia mi.

"Groupe iko tayari?"

"Sherehe ni siku ya posho, mama docteur."

"Nimekuuliza groupe."

"Iko tayari."

Alitosha mukasi mu mufuko ya blouse na alikata ruban, tak, bila discours. Aliitupa pembeni na aliingia. Mi niliwasha. Ilikamata mara ya kwanza, na mataa ya bloc, yenye sijapata kuyaona yanawaka, yaliwaka yote.

Nilisimama pembeni ya groupe mu mvua, mukono juu ya kifuniko yake. Bwana ya mama alikuya kusimama na mi. Aliuliza, "Haitazimika?" Nilimwambia, "Ikizimika, nitaizungusha na meno." Aliniangalia sura, alisadiki.

Courant ya muji ilirudia katikati. Niliona taa ya barabara inawaka, nyumba za ngambo zinapiga kelele ya furaha. Infirmier alikimbia inje, "Tata Scanner, courant iko, zima groupe, mafuta." Nilimwambia arudie ndani. Alisema ni chef anasema. Nilimwambia chef akuye anizime mi kwanza.

Tulisikia mutoto mbele ya kitu ingine yote. Hata na sikio moja. Bwana yake alikaa chini mu matope. Nilingoja bado, juu mutoto si mwisho, mama njo mwisho. Saa nzima. Kisha Docteur Mujinga alitoka pa mulango, kofia mukononi, suruali yake na damu mupaka magoti.

"Beko bazima, bote wawili," alisema. Alisikiliza groupe. "Tata, courant ya muji ilirudia zamani. Unaunguza mafuta juu ya nini?"

"Mama docteur, ulianza na yetu. Nilitaka umalize na yetu."

Aliangalia mataa ndani, aliangalia Tata Kazadi, mwenye alikuwa amefika chini ya parapluie, hakuna mutu aliyemwita. Kisha alitia mukono mu mufuko ya blouse, alitosha barua ile ya mu tiroir, imekunjwa, aliipasua mara mbili, na alinipa karatasi.

"Pangusia mafuta," alisema. "Na uache iwake. Mwingine eko njiani."